Saa Kumi Ambayo Haijafika

Mtu mmoja aliingia stoo bila kubisha hodi, helmeti la pikipiki likiwa bado kichwani, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kusukuma komeo la mlango nyuma yake.

Konstebo Sostenes, aliyebakiza miezi minne kustaafu, aliinuka kwenye ndoo aliyokuwa ameikalia akashika rungu lake.

"Wewe! Nani kakuruhusu? Vua hilo helmeti."

"Shikamoo, mzee. Nikilivua wakaniona dirishani, hatutoki humu wazima."

"Marahaba. Vua."

Koplo Selina Mazengo alitupa jicho dirishani. Stoo hii ya dawa ilikuwa upande wa mashariki wa kituo cha afya cha Msuhaa, na mbele yake uwanja ulikuwa umejaa watu tangu asubuhi. Mwanzoni walikuwa ishirini. Sasa walipata sitini, na wengine walikuja na mundu walizokuwa wakikatia alizeti. Hawakupiga kelele, na kimya chao kilimtisha Selina kuliko kelele. Aliinuka akavuta pazia.

"Haya, vua sasa."

Chini ya helmeti kulikuwa na kijana wa miaka thelathini hivi, midomo imekauka, vumbi la njia limemganda kwenye nyusi. Kifuani alikuwa amefunga kitu kwa kitenge, kama mama aliyebeba mtoto. Alikifungua. Ilikuwa laptopu.

"Naitwa Elisha Chediel. Mfumo wa dozi wa kituo hiki nimeutengeneza mimi."

Kwenye boksi la dripu pembeni ya meza, muuguzi Severina aliinua kichwa. Alikuwa chini ya ulinzi tangu jana jioni, na tangu jana jioni alikuwa amerudia sentensi moja tu: kompyuta iliniambia nimpe.

"Nimekutafuta tangu jana," Selina alisema. "Simu umezima."

"Niliizima kwa woga nilipopata habari za mtoto. Leo nimetoka Unyambwa alfajiri. Pale Iguguno nimesimama kuweka mafuta, nikasikia wanaume wawili wakipanga watakachomfanya 'yule wa kompyuta' wakimpata. Mmoja alikuwa ananijazia tangi."

"Na bado ukaja?"

"Nimekuja kwa sababu bado wanautumia."

Selina alifungua faili. Mambo yaliyokuwamo hayakuwa mengi. Jana Filipo, mtoto wa miaka miwili, aliletwa akiwa na degedege. Saa nne asubuhi Severina alimchoma sindano ya kutuliza degedege, ambayo hairudiwi kabla ya muda wa saa kumi na mbili kupita. Saa nane mchana alimchoma nyingine. Mtoto alilala na hajaamka. Alikuwa anapumua mwenyewe, kwa shida, na mama yake alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda bila kula. Baba yake, Gasto, aliwahi kugombana na Severina juu ya mpaka wa shamba. Kwa Afande Urbano, mkuu wa upelelezi wa wilaya, hayo yalitosha: sababu ipo, mkono uliochoma upo, na kadi ya mgonjwa ina mwandiko wa Severina mara mbili.

"Jana saa tano usiku," Selina alisema, "mtu aliingia kwenye mfumo huu kutoka nje kwa nywila yako. Ulikuja kufuta nini?"

"Sikufuta. Nilinakili kumbukumbu, isije ikapotea."

"Kila aliyefuta huniambia alinakili."

"Wewe ulichukua nakala lini?"

"Jana saa kumi na mbili jioni. Kabla yako."

"Basi linganisha."

Alilinganisha. Alichomeka flashi yake upande mmoja na ya Elisha upande wa pili, akaiagiza laptopu ikokotoe, kwa kumbukumbu za hadi saa nane mchana, alama ya uthibitisho ya kila nakala, tarakimu zinazobadilika hata herufi moja tu ikiguswa. Tarakimu zilitoka mistari miwili. Alizisoma moja moja kwa sauti, Sostenes akifuata kwa kidole kwenye mstari wa pili, midomo ikicheza. Zilifanana hadi ya mwisho.

"Hajafuta," Sostenes alisema, kama aliyetamani iwe vingine.

Jiwe dogo lilianguka juu ya bati, likabiringika, likadondoka. Severina alijikunyata.

"Asubuhi wamekuja wataalamu wawili," Selina alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Wameipima programu yako hatua kwa hatua kwa kufuata kijitabu chako cha maelekezo. Kila hatua imetoa jibu sahihi. Wamesaini wakaondoka. Kwa hiyo Afande Urbano anasema mashine haina kosa."

"Hatua moja moja hazina kosa. Hata mimi nilizipima hivyo." Elisha alilamba midomo. "Afande, umesoma mambo haya?"

"Dodoma, miaka mitatu. Kazini wananiita Afande Kompyuta, na hawanisifii."

"Basi utanielewa haraka. Nimeiandika kwa lugha ambayo kila hatua ni kama fundi aliyefungiwa chumbani. Unampa kitu dirishani, anakurudishia kitu dirishani. Hatoki nje, haulizi mtu, haandiki ukutani. Ukimpa kitu kilekile mara elfu, atakurudishia kilekile mara elfu. Nilipenda hivyo kwa sababu ya watoto. Nilitaka kitu kisichobadilikabadilika."

"Na ukitaka kujua anafanya nini humo ndani?"

"Hapo ndipo penye taabu. Hawezi hata kuchapisha neno moja kwenye skrini. Hana ruhusa."

"Kwa hiyo mashahidi wako wote ni mabubu."

"Ni mabubu, ila hawapeani kazi wenyewe kwa wenyewe. Kila jibu linafungwa kwenye bahasha, na kuna mshenga anayeitoa bahasha kwa fundi huyu na kuifungua mbele ya anayefuata. Wataalamu humwita huyo mshenga monadi. Kila siku hapa kituoni mshenga hasemi, anapeleka tu. Jana usiku nimeandika mshenga mwingine. Mafundi ni walewale, sijagusa herufi yao hata moja. Ila huyu mpya, kabla hajapeleka bahasha, anasimama, anakuonyesha kilichomo, na anakuuliza afanye nini."

Selina alivuta kiti karibu. Aliyajua mambo hayo kwa maandishi ya darasani. Hakuwa amewahi kuyahitaji mtu akiwa hatarini.

"Kama kumhoji shahidi mmoja mmoja, kwa zamu."

"Ndiyo. Na unaweza kumrudisha shahidi kizimbani. Unaweza kubadilisha alichopewa ukasikia watakaofuata wangesema nini. Hakuna mtoto anayeguswa."

"Kwa nini hukufanya hivyo usiku nyumbani?"

"Nilifanya. Kwa saa nilizokuwa nazijaribu mimi, kila kitu kikaenda sawa. Kuna kitu sikijui." Alimtazama Severina kwa mara ya kwanza. "Anakijua dada hapa, na hajui kama anakijua."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo. Betri ya laptopu ilikuwa asilimia ishirini na moja, na umeme wa sola wa stoo ulikuwa wa friji ya chanjo peke yake. Selina aliwasha kinasa sauti cha simu yake akakiweka mezani, akataja tarehe, mahali na majina ya waliokuwamo.

"Dada Severina. Jana ilikuwaje saa nane?"

"Nilikuwa peke yangu, afande. Wagonjwa kumi na tisa, na mama mmoja anajifungua chumba cha pili. Kila zamu inapobadilika kompyuta inapitia wagonjwa wote, inatoa orodha ya wa kuchomwa. Ikatoka. Filipo alikuwa wa kwanza, kwa rangi nyekundu. Mpe dozi."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikajiambia mbona mapema." Alijifuta uso kwa kiganja. "Halafu nikajiambia ni mimi. Nimerudi Jumatatu kutoka likizo ya uzazi, usiku silali, mwanangu ananyonya. Tuliambiwa mashine haichoki. Mimi nilikuwa nimechoka. Nikaiamini kuliko nafsi yangu."

Selina hakusema pole, ingawa ilimfika mdomoni. Alimgeukia Elisha. "Weka kumbukumbu ya jana, saa nane kamili. Tuanze."

Skrini ilitulia, kisha mstari ukatokea. *Hatua ya kwanza. Dozi ya mwisho ilivyoandikwa: 10:00.* Chini yake maneno matatu: *Endelea. Rudi. Badili.*

Selina alibonyeza *Endelea*.

*Hatua ya pili. Saa baada ya kugeuzwa: 16:00.*

"Hii ni nini?"

"Wauguzi wakubwa wa hapa walikuwa wanaandika saa zetu za kawaida," Elisha alisema. "Saa nne asubuhi wanaandika nne. Mfumo ukawa unadhani ni alfajiri. Waliniomba niwasaidie. Wiki tatu zilizopita nikaongeza hatua hii: chochote wanachoandika zamu ya mchana, inaongeza sita. Nne inakuwa kumi, kumi inakuwa kumi na sita. Iko sahihi."

"Endelea."

*Hatua ya tatu. Sasa ni 14:00. Dozi ilitolewa 16:00, siku iliyotangulia.*

Kidole cha Selina kilisimama juu ya kitufe. Aliusoma mstari ule mara mbili, kisha akafungua kadi ya Filipo, ya karatasi, akaiweka kando ya skrini.

"Filipo ameletwa jana asubuhi. Nani amesema juzi?"

Elisha aliisogelea skrini.

"Elisha. Nani amesema juzi?"

"Fundi wa tatu. Ni kwa ajili ya zamu ya usiku. Dozi ikitolewa saa nne usiku na orodha ikatoka alfajiri, lazima ajue ilikuwa jana yake. Kwa hiyo nilimwambia: ukiona saa ambayo haijafika, ni ya siku iliyotangulia. Dawa haiwezi kuwa imetolewa saa ambayo haijafika."

"Rudi."

Alibonyeza mwenyewe. Mashahidi wakarudi kizimbani mmoja mmoja: wa pili, wa kwanza. Kumi, sifuri sifuri.

"Dada Severina, kwenye kompyuta uliandika ngapi?"

"Kumi."

"Na sindano ulichoma saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Si ndiyo hiyo kumi?" Severina aliwatazama wote watatu kana kwamba wamemuuliza jina la baba yake. "Chuoni tumefundishwa hivyo, afande. Mdomoni unasema saa nne, kwenye kadi unaandika kumi, sifuri sifuri. Unageuza kichwani. Tangu zamani naandika hivyo, hata kabla sijaenda likizo."

"Ulipokuwa likizo hatua ya pili ikaongezwa. Kuna aliyekuambia?"

"Hakuna."

"Kijitabu?"

"Sijaona kijitabu."

Elisha alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Selina alimwondoa kiganja kimoja, bila ukali. "Hesabu na mimi. Yeye amegeuza kichwani, nne ikawa kumi. Mashine ikageuza tena, kumi ikawa saa kumi jioni. Wakati huo ni saa nane mchana, saa kumi haijafika. Fundi wa tatu akairudisha nyuma siku nzima. Zimepita saa ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na mtoto alikuwa amekaa saa nne tu. Kwa nini Severina hakuona kumi na sita kwenye skrini?"

"Kwa sababu wakati wa kuonyesha naipunguza sita, ili waone kile walichoandika." Sauti yake haikusikika vizuri. "Aliona kumi yake mwenyewe."

Selina aliendesha hatua ya nne na ya tano kwa ajili ya kinasa sauti. *Zimepita saa 22. Mpe dozi.* Kisha akarudi mwanzo, akachagua *Badili*, akaandika nne kama wataalamu wa asubuhi walivyofuata kijitabu. Mashahidi walewale, kwa mpangilio uleule, wakapokezana bahasha mpaka ya mwisho. *Zimepita saa 4. Subiri.*

Sostenes alikohoa. "Kwa hiyo mwenye kosa ni nani?"

Selina alishaacha kuitazama skrini. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika sita.

"Leo wodini anaandika nani?"

"Tabibu Calist," Severina alisema. "Ameazimwa asubuhi kutoka Kiomboi, kushika nafasi ya..." Akasimama ghafla, boksi likaanguka. "Afande! Naye anageuza kichwani. Sote tuliotoka chuoni tunageuza!"

Selina alishafungua komeo.

Kutoka stoo hadi wodini ni kukatiza uwanja, hatua arobaini. Watu waligeuka wote pamoja. Mtu mmoja alipaza sauti, "Wanamtorosha!" na jiwe likampita Selina sikioni, likagonga ukuta. Hakupunguza mwendo. Alisikia miguu nyuma yake, hakujua kama ni ya Sostenes au ya mwenye mundu.

Wodini palikuwa kimya. Tabibu Calist, mtu mnene mwenye miwani, alikuwa ameinama juu ya kitanda cha sita. Binti wa miaka mitatu alikuwa amelala chali, mkono umeshanyooshwa, pamba imeshapitishwa.

"Usimchome!"

Calist aliruka. "We dada vipi? Hapa ni wodini!"

"Polisi. Huyo ni nani?"

"Rahel. Degedege. Yuko kwenye orodha."

"Mara ya mwisho umemchoma saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini kompyuta inasema zimepita saa ishirini na..." Alitazama sindano mkononi mwake, akaitazama saa yake, akaitazama tena sindano. "Mungu wangu. Nilidhani nimechanganya mimi."

Aliiweka sindano kwenye sinia taratibu, kwa mikono miwili.

Selina alichukua orodha nzima, akamwambia arudie kila mgonjwa kwa kadi ya karatasi, kisha akachomoa waya wa kompyuta ya wodi ukutani. Aliporudi stoo, Sostenes akiwa mbele yake na rungu, Elisha alikuwa ameshaanza kupiga simu. Vituo vingine vinne vilitumia mfumo ule. Alivipigia kimoja kimoja, akataja jina lake kamili kila mara, akasema: zimeni, chukueni kadi, mimi ndiye niliyekosea. Kwenye simu ya nne alikuwa analia.

Severina hakuwa ameketi tena. "Rahel?"

"Hajachomwa."

Severina aliliinua boksi lililoanguka, akalisimamisha. Kisha akasema, "Afande, nina ombi. Mama Filipo anaamini nilimlaza mwanawe kwa makusudi, kwa ajili ya shamba. Jana ameniangalia hivyo. Mtoto akiamka au asiamke, sitaki akae usiku mwingine akiamini hivyo. Mtu amwambie leo. Kwa mdomo, si kwa barua."

"Nitamwambia mimi," Selina alisema.

"Leo?"

"Leo."

Gari la Afande Urbano lilifika saa tisa, likiwa na askari wanane. Alisikiliza kinasa sauti chote akiwa amesimama, akaomba arudishiwe sehemu inayotaja juzi, akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wasiwasi.

"Kazi nzuri, Mazengo. Sasa sikiliza. Hili ni la mkoa. Mpaka mkoa utoe taarifa, hakuna raia anayeambiwa neno. Hao waliopo nje wakisikia ni kompyuta, kijana huyu hafiki barabarani. Tunampitisha nyuma. Muuguzi naye anakuja na sisi."

"Afande, kuna mtu mmoja lazima ajue. Mama wa mtoto."

"Atajua wiki ijayo na wengine."

"Nimeahidi leo, afande. Namwambia yeye peke yake, simtaji Elisha."

"Umeahidi kwa ruhusa ya nani?" Urbano alishusha sauti. "Ukienda kwenye kile kitanda, faili hili unalikabidhi kwa Sostenes sasa hivi. Kesho unaripoti Singida na maelezo ya maandishi kwa nini umekaidi amri. Na unajua orodha ya kozi ya kupandishwa cheo kuwa mkaguzi inapita mezani kwangu."

Selina alijua. Jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ile.

Alifunga faili, akaweka juu yake flashi zote mbili na kadi ya Filipo. Alimpa Sostenes kwa mikono miwili. Mzee alipokea, akalibana faili kwapani.

Uwanjani walimpisha. Pengine ni kwa sababu hakukimbia safari hii, au kwa sababu askari wanane walikuwa wamesimama ukutani. Alitembea moja kwa moja hadi mlangoni mwa wodi.

Mama Filipo alikuwa palepale sakafuni, kanga imemfunika mabega, kiganja kwenye kifua cha mtoto, kikiinuka kila kifua kinapoinuka. Selina alivua viatu. Akaketi kwenye mkeka.

"Pole, mama."

"Asante."

"Nimekuja kukueleza kilichotokea jana. Severina hakumdhuru Filipo kwa makusudi. Nimehakikisha kwa macho yangu."

Mama yule hakugeuza uso. Selina alieleza, kwa maneno machache aliyokuwa nayo: saa iliyogeuzwa mara mbili, mashine iliyoamini imepita siku, mwanamke aliyechoka akaiamini mashine. Alieleza hadi mwisho. Nje injini ya gari iliwaka, likazunguka nyuma ya jengo, likaondoka.

Kifua cha mtoto kiliinuka, kikashuka. Kisha mama akasema kitu kwa Kinyiramba, akakumbuka mgeni wake hakijui, akarudia kwa Kiswahili.

"Sijaelewa vizuri. Anza tena, mwanangu. Taratibu."

Selina alisogea karibu zaidi, akauweka mkono wake kando ya mkono wa mama.

"Jana," alianza, "saa nne asubuhi, ulipomleta..."